Maji ya Moto na Maji ya Baridi

Mama anaogesha mtoto wake. Ametia maji ya baridi katika beseni, kisha atwaa sufuria mekoni, amimina maji ya moto kidogo kidogo, akoroga kwa mkono. Halafu achovya kiwiko chake. Bado. Aongeza kidogo, achovya tena. Sasa maji yamekuwa vuguvugu, na mtoto aingia majini bila kulia. Kazi hiyo hufanyika kila jioni nyumbani mwetu, wala hakuna anayeistaajabia.

Lakini kijana wa shule aliyeketi karibu na moto aweza kuuliza: «Mama, ule moto wa sufuria umekwenda wapi? Na ile baridi ya beseni, nayo imekwenda wapi?» Msimcheke. Swali lake si la kitoto. Liliwasumbua wenye akili muda wa miaka mia nyingi, na jibu lake halikupatikana mpaka karne ya 18. Leo nataka kuwasimulia habari za watu walioutafuta ukweli huo, na hasa habari za mwalimu mmoja mtulivu wa nchi ya Uskoti, jina lake Joseph Black.

Mganga wa zamani na mchanganyiko wake

Tuanze mbali. Katika karne ya pili baada ya Kristu aliishi mganga mmoja mashuhuri sana, Galenus. Alizaliwa yapata mwaka 129 katika mji wa Pergamon, huko Asia Ndogo, na aliwatibu hata wakubwa wa Roma. Siku zile waganga walifundisha kwamba afya ya mtu yategemea mambo manne: joto, baridi, ukavu na unyevu. Ikiwa joto limezidi, mtu ni mgonjwa; ikiwa baridi imezidi, ni mgonjwa vilevile.

Basi Galenus aliona kwamba yafaa kuwa na alama moja ya katikati, isiyo ya moto wala ya baridi, ili kila kitu kilinganishwe nayo. Akatoa shauri hili: twaa maji yanayotokota, twaa na barafu kwa kiasi kilekile, changanya. Mchanganyiko huo ndio utakaokuwa katikati kabisa, nusu ya njia kati ya moto na baridi.

Neno hilo laonekana kuwa la akili. Ukichanganya mkubwa na mdogo, si utapata wa katikati? Watu walilisoma, wakalikubali, wakalifundisha. Likumbukeni shauri hilo la Galenus, wasomaji, kwa maana tutalirudia mbele, nanyi mtajionea wenyewe kama alisema kweli.

Mkono wa mtu ni shahidi mwongo

Kwa nini watu walikaa muda mrefu vile pasipo kujua? Sababu ya kwanza ni hii: hawakuwa na kitu cha kupimia joto, isipokuwa ngozi ya miili yao. Na ngozi hudanganya. Jaribuni wenyewe. Wekeni mabakuli matatu: la kwanza lina maji ya baridi, la pili maji ya vuguvugu, la tatu maji ya moto yasiyounguza. Tia mkono wa kushoto katika la kwanza, na mkono wa kuume katika la tatu. Ngoja kidogo. Kisha ingiza mikono yote miwili katika bakuli la katikati. Mkono wa kushoto utasema: «Maji haya ni ya moto.» Mkono wa kuume utasema: «Sivyo, ni ya baridi.» Na maji ni yaleyale! Hakimu gani ataamua kesi kwa mashahidi kama hao?

Ndiyo sababu wataalamu walitafuta kipimio kisichojua kusema uwongo. Mwanzoni mwa karne ya 17, huko Italia, watu kama Galileo na mganga Santorio wa Padua walitumia mrija wa kioo wenye hewa ndani yake. Hewa ilipopata joto ilitanuka, ilipopata baridi ilinywea, na maji yaliyo mrijani yalishuka au kupanda. Chombo hicho kilikuwa na kasoro nyingi. Mtu aliyekitengeneza vizuri ni Gabriel Daniel Fahrenheit, aliyezaliwa Danzig mwaka 1686, akafanya kazi yake Uholanzi. Yeye alitumia zebaki, ule madini mweupe unaotiririka kama maji. Katika kipimio chake barafu huyeyuka kwenye digrii 32, na maji hutokota kwenye digrii 212. Mwaka 1742 Anders Celsius wa Sweden alitoa hesabu nyingine yenye hatua 100 kati ya barafu na mtokoto, nayo, ikisha kugeuzwa juu chini, ndiyo tunayoitumia sisi Kongo hata leo.

Sasa watu walikuwa na shahidi mwaminifu. Lakini kuwa na shahidi si kumaliza kesi. Lazima kujua pia namna ya kumwuliza.

Zebaki yaleta fitina

Katika mji wa Leiden, Uholanzi, palikuwa na mwalimu mkubwa, Herman Boerhaave. Wanafunzi walimjia kutoka pande zote za Ulaya, na kitabu chake cha kemia cha mwaka 1732 kilisomwa kila mahali. Boerhaave alimwomba Fahrenheit ajaribu kuchanganya vitu vya joto mbalimbali na kupima. Maji kwa maji hayakuleta shida: kipimo kimoja cha maji ya moto na kipimo kimoja cha maji ya baridi vikichanganywa, joto huwa la katikati. Vizuri.

Kisha Fahrenheit akatwaa zebaki na maji. Zebaki ni nzito ajabu: chupa moja ya zebaki ina uzito wa chupa 13 za maji na nusu. Watu walidhani kwamba kitu kizito hivyo lazima kibebe moto mwingi kuliko maji. Kumbe, haikuwa hivyo. Kipimo cha zebaki ya moto, kilipochanganywa na kipimo kile kile cha maji ya baridi, hakikuweza kuyapandisha maji hata nusu ya njia. Ilikuwa lazima kutumia zebaki vipimo vitatu kwa maji vipimo viwili ndipo joto la katikati lionekane.

Hapo Boerhaave alikosa. Aliona kwamba moto haugawanyiki kwa uzito. Basi akahukumu kwamba wagawanyika kwa nafasi, yaani kila chupa ya kitu chochote ina moto sawasawa. Majaribio ya Fahrenheit yenyewe yalimpinga, lakini hakuyaangalia vya kutosha. Na kwa kuwa alikuwa mwalimu mwenye jina kubwa, wengi walimfuata katika kosa lake. Tujifunze: jina kubwa haligeuzi kosa kuwa kweli.

Hesabu ya Richmann

Huko Petersburg, mji mkuu wa Urusi wa wakati ule, Georg Wilhelm Richmann alikuwa akifanya kazi ileile kwa subira. Mwaka 1750 hesabu yake ilipigwa chapa. Yahusu kitu kimoja kinachochanganywa na chenyewe, kama maji kwa maji, hata kama uzito haulingani. Si ngumu, mtoto aliyemaliza shule ya msingi aifahamu. Zidisha uzito wa maji ya kwanza kwa digrii zake. Zidisha uzito wa maji ya pili kwa digrii zake. Jumlisha, kisha gawanya kwa uzito wote.

Turudi kwa mama yetu. Beseni lina kilo 3 za maji ya digrii 20, nazo ni digrii 60 kwa jumla. Sufuria ina kilo 1 ya maji yanayotokota, digrii 100. Jumla ni 160. Gawanya kwa kilo 4: digrii 40. Yamekaribia maji ya kuogea. Tena Richmann alijua kwamba chombo chenyewe hutwaa sehemu yake ya moto, na hewa ya nje huiba nyingine. Kwa hiyo mama ataona digrii chini kidogo ya 40, nayo ni bora kwa mtoto.

Bwana huyo hakuona uzee. Mwaka 1753, wakati wa tufani, alikuwa akichungua nguvu za umeme wa mawingu kwa chuma alichokisimamisha nyumbani kwake. Radi ikampiga, akafa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 42 tu.

Mwalimu Joseph Black

Sasa twamfikia Black. Alizaliwa mwaka 1728 mjini Bordeaux, Ufaransa, ambako baba yake alikuwa mfanyabiashara wa divai. Alisoma Belfast, Glasgow na Edinburgh, akawa mganga, na tangu mwaka 1756 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Alikuwa mtu wa afya dhaifu, mwenye sauti ya upole, asiyependa magomvi.

Black aliyasoma majaribio ya Fahrenheit, akayafikiri upya. Akawaeleza wanafunzi wake hivi: tuseme maji yana digrii 100 za Fahrenheit, na zebaki ya kipimo kilekile ina digrii 150. Kama vyote viwili vingekuwa maji, mchanganyiko ungekuwa digrii 125. Lakini kwa hesabu ya vipimo vile vya Fahrenheit ni 120 tu. Zebaki imepoteza digrii 30, maji yamepata 20 tu. Je, digrii 10 zimepotea? Hapana. Moto uliotoka katika zebaki ndio uleule ulioingia katika maji. Ila maji yanahitaji moto mwingi zaidi ili kupanda digrii moja. (Vipimo vya leo ni sahihi zaidi, navyo vyaonyesha kwamba zebaki ina uwezo mdogo hata kuliko alivyodhani Black: kilo moja ya zebaki yahitaji yapata sehemu moja ya thelathini ya moto unaohitajiwa na kilo moja ya maji.)

Hapo ndipo Black alipokata fundo. Akasema: tusichanganye mambo mawili. Ukali wa joto ni jambo moja. Wingi wa moto ni jambo jingine. Termometa hupima ukali, haipimi wingi. Ni kama maji katika vyombo viwili: katika mrija mwembamba na katika pipa pana maji yaweza kufika kimo kimoja, lakini pipa lina maji mengi zaidi. Cheche ya mhunzi ina ukali kuliko maji ya sufuria, lakini cheche ikianguka mkononi huzimika upesi, na sufuria ikikumwagikia yakupeleka hospitali.

Akaongeza neno jingine lililo wazi: vitu vyovyote vinavyogusana, vikiachwa pamoja bila moto wa nje, mwisho vitakuwa na joto moja kwa termometa. Jembe la chuma na mpini wake wa mti, vikilala pamoja nyumbani usiku kucha, vina digrii zilezile asubuhi. Ukivigusa utasema chuma ni baridi kuliko mti. Si kweli: chuma kinaunyonya moto wa mkono wako upesi, mti waunyonya polepole. Tena mkono umetudanganya!

Barafu yaficha moto

Jambo la ajabu zaidi bado. Watu wote waliamini kwamba barafu ikifika mahali pa kuyeyuka, moto kidogo tu watosha kuigeuza yote kuwa maji mara moja. Black alitazama theluji ya nchi yake, akaona sivyo. Siku za jua baada ya kipupwe, theluji yakaa juma baada ya juma mlimani, ikiyeyuka kidogo kidogo. Kama neno la watu lingekuwa kweli, alisema, siku moja ya joto ingeyeyusha theluji yote kwa ghafula, na mafuriko yangezoa vijiji na watu wake.

Hakutosheka na kufikiri, alijaribu. Alitwaa chupa mbili za kioo chembamba zinazofanana, akatia aunsi 5 za maji katika kila moja. Ya kwanza aliigandisha iwe barafu. Ya pili aliipoza mpaka digrii 33. Akazitundika katika ukumbi mkubwa wenye joto la digrii 47, naye akaketi na saa yake.

Nusu saa ilipopita, maji yalikuwa yamepanda kutoka 33 mpaka 40, yaani digrii 7. Na barafu? Ilihitaji saa 10 na nusu mpaka iyeyuke na maji yake yafike digrii 40. Fanyeni hesabu pamoja naye. Saa 10 na nusu ni nusu saa 21. Kila nusu saa hewa ya ukumbi ilitoa moto wa digrii 7. Mara 21 ni 147. Lakini termometa ilionyesha kupanda digrii 8 tu, toka 32 mpaka 40. Digrii 139 ziliingia katika barafu, zikafanya kazi ya kuiyeyusha, wala termometa haikuziona. Black akauita moto huo «moto uliofichika».

Akahakikisha kwa njia nyingine, yaani kwa kuchanganya. Alitia barafu katika maji ya moto ya digrii 190, yapata uzito mmoja. Kama barafu ingekuwa maji ya baridi tu, mchanganyiko ungezidi digrii 110. Ulikuwa 53. Hesabu ya jaribio hilo ilimpa digrii 143. Leo, kwa vyombo vilivyo bora sana, twajua ni 144! Mwezi wa Aprili mwaka 1762 alisoma habari hizo mbele ya wenzake wa Chuo Kikuu cha Glasgow.

Sasa turudie shauri la Galenus. Maji yanayotokota kilo 1, barafu kilo 1: je, yatakuwa nusu ya njia, digrii 50 za Celsius? Barafu peke yake yataka moto wa digrii 80 ili kuyeyuka tu. Katika zile 100 za maji zabaki 20. Hizo 20 zigawanywe kwa kilo mbili: digrii 10. Alama ya katikati ya Galenus ilikuwa karibu na baridi kabisa! Miaka yapata 1600 watu walikuwa na neno hilo vitabuni, na palihitajiwa barafu, sufuria na termometa ili kulipima.

Mvuke nao

Mwaka huohuo 1762 Black aliyatazama maji yanayotokota. Akayaweka juu ya moto usiobadilika: yalitoka digrii 50 yakafika 212 kwa dakika 4, lakini yalihitaji dakika 20 nyingine ili yaishe kwa mvuke. Muda huo wote termometa haikupanda hata kidogo. Moto ulikuwa unajificha katika mvuke. Kiasi alichopata, digrii 810, kilikuwa pungufu kuliko kile cha leo, lakini njia ilikuwa ya kweli.

Katika chuo hicho palikuwa na fundi kijana wa kutengeneza vyombo, James Watt. Majira ya baridi ya 1763 na 1764 alipewa kazi ya kurekebisha mfano mdogo wa mashini ya mvuke. Alistaajabu kuona kwamba mvuke kidogo waweza kuyafikisha kwenye mtokoto maji yenye uzito mara sita ya uzito wake. Akamwuliza Black, naye akamweleza habari za moto uliofichika. Watt alifahamu sasa jinsi moto ulivyopotea bure katika mashini, na mwaka 1769 alipata hati ya serikali kwa mashini yake iliyo bora. Merli za mvuke zilizopanda mto wetu wa Kongo zamani ni wajukuu wa mashini hiyo.

Na akina mama wajue: mvuke wa sufuria huunguza vibaya kuliko maji yanayotokota, kwa sababu ukigusa ngozi wageuka maji na kutoa moto wake wote uliofichika. Funua sufuria kwa kuelekeza mfuniko upande usio na watu. Na katika beseni la mtoto, tangulizeni maji ya baridi.

Moto ni kitu gani?

Wengine waliendelea. Huko Sweden, Johan Carl Wilcke aliipima theluji mwenyewe, akatangaza hesabu yake mwaka 1772. Mwaka 1783, huko Paris, Lavoisier na Laplace waliandika jinsi ya kupima moto kwa chombo kilichozungushiwa barafu: waliyapima maji yaliyodondoka. Walimtia ndani hata simbilisi, mnyama yule tunayemfuga jikoni, wakaona kwamba kupumua ni kama kuungua polepole. Lavoisier alikatwa kichwa mwaka 1794, siku za mapinduzi ya Ufaransa.

Lakini moto wenyewe ni nini? Wengi waliufikiri kuwa kitu chepesi kinachotiririka. Mwaka 1798 Rumford alieleza jinsi, huko Munich, maji yalivyotokota bila kuni kwa msuguano wa chuma kinachotoboa mzinga, baada ya saa mbili na nusu. Kitu gani hicho kisichokwisha? Katika miaka ya 1840 James Joule alikoroga maji kwa makasia madogo yaliyozungushwa na mizigo inayoshuka, akapima kazi na joto. Ikathibitika kwamba moto ni mwendo wa chembe ndogo sana za vitu. Maji ya moto yanapokutana na ya baridi, chembe zenye mwendo mwingi huzigonga zenye mwendo mdogo, mpaka zote zishiriki sawasawa. Ndilo jibu la kijana wetu: moto wa sufuria haukupotea, umegawanywa, na baridi haikwenda popote, kwa maana baridi ni upungufu wa moto tu.

Black mwenyewe hakushika kwa nguvu neno lolote juu ya asili ya moto. Alipima kwanza. Wala hakukipiga chapa kitabu chake. Mafundisho yake yalitolewa mwaka 1803 na rafiki yake John Robison. Yeye alikuwa amefariki mwaka 1799 mjini Edinburgh. Yasimuliwa kwamba alikutwa kitini, na kikombe cha maziwa kimesimama juu ya magoti yake, hata tone moja halikumwagika.

Huko mashariki mwetu, Ruwenzori ina theluji karibu na mstari wa ikweta. Imepungua sana tangu mwanzo wa karne ya 20, lakini hata sasa huyeyuka kwa sheria ileile aliyoipima Black katika ukumbi wake, nusu saa baada ya nusu saa. Mwenye imani hashangai akiona kwamba viumbe vina mpango na hesabu. Lakini mpango huo haujifunui kwa mtu anayekisia. Hujifunua kwa mtu anayeketi, anayengoja, na anayekubali kusahihishwa na chupa mbili za maji.